Utajiri Uko Mvunguni, Nasi Hatutaki Kuinama

Msimu uliopita nilikuwa wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, nimesimama kwenye shamba la soya pamoja na mama mmoja aliyejaa hofu. Aling'oa mche, akaukung'uta udongo, akanisogezea mizizi machoni. Ilikuwa imejaa vivimbe vidogo kama punje za mtama. "Ona mwanangu," alisema, "ugonjwa umeingia shamba zima." Jirani alikuwa ameshamshauri ang'oe yote. Muuza dawa alikuwa ameshamtajia bei.

Nilibandua kivimbe kimoja, nikakipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama. Nikamwambia, "Mama, hapa hakuna ugonjwa. Hiki ni kiwanda cha mbolea, na leo kiko kazini." Alikigeuzageuza kiganjani, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Sasa miaka yote hii, mbona hakuna aliyeniambia?"

Swali lile sijaweza kulitua. Nimelibeba hadi Songea, nimelibeba hadi Morogoro, na leo nalileta hadharani. Makala haya ni jibu langu kwa mama yule, na jibu lenyewe ni shtaka.

Tuanze na kile alichokuwa amekishika. Juu ya kila hekta ya ardhi, iwe ya tajiri au ya maskini, kuna hewa yenye zaidi ya tani 70,000 za naitrojeni. Ni naitrojeni ileile tunayoilipia ndani ya mfuko wa urea. Mmea hauwezi kuichukua hewani wenyewe. Unaweza kudhoofika na kugeuka manjano huku umezungukwa nayo, kama mvuvi anayekufa kwa kiu katikati ya bahari. Bakteria wa jamii ya rizobia wanaweza. Mzizi wa soya, kunde, karanga au choroko huwaita kwa kemikali zake, wao huitikia na kuingia, na mmea huwajengea nyumba. Nyumba hiyo ndiyo kinundu. Mmea huwalisha sukari, nao huulipa naitrojeni.

Wekundu alioushangaa mama unatokana na protini iliyo ndugu wa ile inayoifanya damu yetu iwe nyekundu. Kazi yake ni kuidhibiti oksijeni isiharibu mitambo ya bakteria. Kinundu chekundu ndani kinazalisha. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kitu. Vivimbe vya minyoo fundo, ambavyo kweli ni ugonjwa, ni mzizi wenyewe uliovimba, wala havibanduki. Kinundu hubanduka kwa kidole. Somo zima hili linafundishika chini ya mwembe kwa dakika kumi, na ubao wake ni mche mmoja uliong'olewa. Mama yule amelima zaidi ya miaka thelathini bila kupewa dakika hizo kumi.

Wala asije mtu kusema kwamba ni maarifa mapya ambayo bado hayajatufikia. Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walitangaza ushahidi wao mwaka 1886. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria hao maabara. Kabla karne ile haijaisha, bakteria wa kupaka kwenye mbegu walikuwa wanauzwa Ulaya. Kiwanda cha kwanza cha kutengeneza amonia ya mbolea kutokana na naitrojeni ya hewa kilikuja baadaye, mwaka 1913, huko Oppau, Ujerumani. Paketi ya bakteria iliutangulia mfuko wa mbolea ya kiwandani. Sisi tumeupokea mfuko, paketi tukaiacha mlangoni.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Soya iliyofunga vinundu vizuri inaweza kuvuna hewani zaidi ya kilo 100 za naitrojeni kwa hekta moja. Hiyo ni zaidi ya mifuko minne ya urea. Kweli, sehemu kubwa huondoka shambani pamoja na punje, lakini mkulima hakuinunua, na inayobaki kwenye mizizi na majani humfaa atakayepanda mahindi msimu unaofuata. Kwa kazi hiyo yote, mkulima huhitaji takribani gramu 10 za unga wenye bakteria kwa kila kilo ya mbegu. Mbegu ya ekari nzima hutosheka kwa paketi inayoingia kwenye mfuko wa shati, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mfuko mmoja wa mbolea.

Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kwamba ifikapo 2015 kila hekta itapata kilo 50 za virutubisho vya mbolea. Mwaka ulifika, ahadi haikufika. Mei 2024 wakakutana tena Nairobi, safari hii kwa kauli ya kuisikiliza ardhi, na wakaahidi tena kuongeza matumizi ya mbolea. Kwa karibu miaka ishirini, kilimo chetu kimekuwa kikipimwa kwa uzito wa gunia linaloshuka melini. Anayetaka kujua kama serikali inamjali mkulima huuliza swali moja tu: mifuko mingapi?

Sipingi ruzuku. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea hadi mfuko ukauzwa zaidi ya shilingi 100,000, serikali yetu iliushusha hadi 70,000, na ilifanya vyema. Kenya nayo iliushusha hadi shilingi zao 3,500, kisha 2,500. Watu walipanda, watu walikula. Lakini niulize kwa sauti inayosikika hadi wizarani: katika mipango hiyo yote mikubwa, yenye mabilioni ya fedha za walipa kodi, paketi ya bakteria ilikaa wapi? Mkulima wa soya alipelekewa ujumbe wa simu kwamba mbolea yake iko kwa wakala. Nani alimpelekea ujumbe kwamba mbegu yake, ikipakwa bakteria, inaweza kujitengenezea naitrojeni yake yenyewe?

Hakuna. Sababu yake naitaja bila kung'ata maneno. Mfuko una watu wengi wanaokula kwenye safari yake: mwagizaji, mwenye meli, mwenye lori, mwenye ghala, wakala. Paketi ya gramu 200 haina lori. Kitu kisicho na lori hakina mtetezi mezani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatukukosa wataalamu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, kiliwahi kutengeneza bakteria wa soya kwa ajili ya wakulima wa nchi hii na kuwapa jina la Kitanzania kabisa: Nitrosua. Uliza kwenye duka lolote la pembejeo uone kama wanaijua. Makerere walitengeneza ya kwao. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza Biofix, nayo ikapata kampuni ya kuizalisha na kuiuza, ndiyo maana inafahamika hadi leo. Kwetu kazi ya wanasayansi iliishia maabara kwa kukosa mtu wa kuitoa nje. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Hapa wajenzi walikuwepo. Walinyimwa misumari.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi zilizoendelea. Basi watazame Brazil, nchi ya joto kama yetu, yenye udongo mwekundu wenye tindikali. Miongo kadhaa iliyopita, mwanasayansi Johanna Döbereiner, mkimbizi aliyetoka Czechoslovakia, aliwasisitizia Wabrazil kwamba soya yao itegemee bakteria badala ya mbolea ya naitrojeni ya kununua. Wengi walimpinga. Alishikilia msimamo, taasisi ya utafiti ya taifa, Embrapa, ikasimama naye, na waboreshaji wa mbegu wakachagua soya inayoelewana na rizobia. Leo Brazil ndiyo mzalishaji mkubwa wa soya kuliko nchi zote duniani, na soya hiyo hulimwa karibu bila mbolea ya naitrojeni kabisa. Mwaka 2025, mwanafunzi wa njia ileile, Mariangela Hungria, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya vijidudu vya udongo. Brazil ilikuwa na joto, umaskini na udongo mgumu kama sisi. Ilichokuwa nacho na sisi hatuna ni uamuzi.

Na tusidhani faida inakoma kwenye soya. Udongo wenye afya una mabilioni ya bakteria katika kijiko kimoja, na kuvu wake ni ajabu nyingine. Wapo kuvu wanaoungana na mizizi ya mimea mingi duniani, mahindi na mtama ikiwemo, na muhogo ndio unaowategemea kupindukia. Nyuzi zao ni nyembamba kuliko unywele wa mzizi. Hupenya mahali ambapo mzizi haufiki, zikarudi na fosfati na maji. Mkulima wa Dodoma anayeshangaa kwa nini muhogo husimama wakati mahindi yameshasalimu amri, sehemu ya jibu imelala chini ya miguu yake.

Kuna jambo jingine ambalo kila mama wa Kiswahili analijua bila kujua kwamba analijua. Ukivundika ndizi kwenye chungu, huiva haraka kwa sababu hutoa gesi iitwayo etilini, nayo gesi hiyo ikifungiwa huziivisha zote. Mmea ukipigwa na ukame au chumvi nao hutoa etilini nyingi, na hiyo huudumaza mzizi na kuuzeesha mmea kabla ya wakati. Wapo bakteria wanaoishi kwenye mizizi ambao hula malighafi ya gesi hiyo kabla haijatengenezwa. Mmea huendelea kukuza mizizi, ukafuata maji chini. Katika miaka hii ambayo mvua za vuli zimekuwa kama ahadi za mdaiwa, kuwapuuza wasaidizi wa namna hiyo ni kumwacha mkulima vitani bila ngao.

Angalieni pia majirani walivyofanya walipoamua. Magharibi mwa Kenya kuna gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, sisi tunaliita kiduha, na kwa Kiingereza huitwa gugu la kichawi, kwa sababu mahindi huanza kufa kabla gugu lenyewe halijachomoza. Watafiti, akiwemo Henry Nzioki wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, walipata kuvu wa udongo anayeliua gugu hilo bila kuyadhuru mahindi. Wakampandikiza kwenye vijiti vya kuchokolea meno. Mkulima hupika wali, huuweka kwenye chombo safi, hutumbukiza kijiti, husubiri siku chache kuvu waenee, kisha hutia wali huo kwenye shimo la mbegu. Wali na kijiti! Kinachomshinda mkulima wetu hapo ni nini?

Na kuna sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoshambulia mahindi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Mwaka 2016 tulizika wetu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Dawa yake mojawapo ni kuvu wa jamii ileile asiye na uwezo wa kutengeneza sumu. Hupakwa kwenye punje za mtama, punje zikarushwa shambani wiki mbili tatu kabla ya mahindi kutoa maua, naye huchukua nafasi ya yule mwenye sumu. Bidhaa hiyo, Aflasafe, imesajiliwa Tanzania na Kenya kwa aina zilizopatikana kwenye udongo wetu wenyewe. Mlinzi wa watoto wetu anatoka kwenye udongo uleule tunaouchoma moto kila Septemba tukisafisha mashamba.

Sasa niwajibu wenye shaka, kwa sababu wanastahili jibu. Bakteria wa kwenye paketi ni viumbe, na kiumbe ana mahitaji. Wakipakwa kwenye mbegu ikapandwa kwenye udongo usio na fosfati, watafanya kazi kidogo sana, kwa sababu kukamata naitrojeni kunahitaji nguvu na nguvu inahitaji fosfati. Udongo wenye tindikali kali unataka chokaa kwanza. Maharage huitikia kwa kusuasua kuliko soya, na mahindi hayafungi vinundu. Atakayekuambia paketi moja itafuta mbolea yote nchini ni tapeli kama yule anayekuambia mfuko mmoja utafuta njaa yote.

Lakini tazameni Mungu alivyotupanga. Fosfati hiyo tunayo. Iko Minjingu, mkoani Manyara, inachimbwa kwenye ardhi yetu. Naitrojeni iko hewani. Bakteria wako Morogoro. Taifa lenye vitu hivyo vitatu, likaendelea kupiga magoti kila bei ya gesi asilia ya kutengenezea mbolea inapopanda Ulaya, haliwezi kulaumu ukoloni peke yake.

Shaka ya pili ni ya haki zaidi, nayo inahusu uongo wa sokoni. Niliingia duka moja la pembejeo kusini mwa nchi nikakuta paketi za bakteria zimepangwa dirishani, jua la saa saba likizipiga, kando yake dawa za kuua kuvu. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imepita miezi minne. Kila paketi ilikuwa kaburi dogo, na iliuzwa kwa bei ya uhai. Mkulima aliyeinunua alirudi nyumbani, akapaka mbegu, hakuona tofauti, akawaambia kijiji kizima kwamba ni utapeli. Atarudi lini huyo?

Pembeni yake kuna chupa za maji ya rangi zenye jina la busta, zinazoahidi kuotesha hata mawe. Watafiti waliopima bidhaa za namna hii katika nchi kadhaa za Afrika walikuta nyingi hazikuwa na vijidudu vilivyoandikwa kwenye karatasi, na nyingine zilikuwa na vijidudu vigeni vitupu. Tunayo mamlaka ya kudhibiti mbolea na tunayo sheria tangu 2009. Mfuko wa mbolea ukiwa pungufu kwa kilo mbili, mizani hupiga kelele. Paketi ikiwa na maiti ndani, nani anapiga kelele? Mwizi wa uhai huo anamwibia mkulima msimu, na msimu haurudishwi kwa faini.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na nadai kwa jina la walipa kodi.

Kwanza, ingizeni paketi ya bakteria kwenye ruzuku, msimu ujao, kwa kila mkulima aliyesajiliwa kulima soya, karanga, kunde na choroko. China ilitufungulia soko la soya mwaka 2020. Soya hiyo itatoka wapi kama tunailima kwa njaa? Gharama ya jambo hili ni makombo ya bajeti ya mifuko.

Pili, rudisheni uzalishaji Morogoro. Toeni fedha za kujenga mtambo, kufundisha mafundi na kutunza aina za rizobia zilizozoea joto letu, kisha mwiteni mwekezaji wa ndani azizalishe na kuziuza.

Tatu, pimeni uhai. Kila shehena ihesabiwe bakteria wake kabla ya kuuzwa, kila wakala awe na mahali pa baridi pa kuzihifadhi, na duka linalouza maiti lifungwe siku hiyohiyo.

Nne, mtoeni afisa ugani ofisini. Mpeni pikipiki na mafuta, na mwagizeni kazi moja kila msimu: ang'oe mche mbele ya wanakijiji, apasue kinundu, aonyeshe wekundu. Awafundishe kupaka mbegu kivulini, kuzipanda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu, na kutochanganya na mbegu iliyotiwa dawa ya kuvu bila kuuliza. Na awaambie ukweli kuhusu moto: anayechoma mabua huchoma chakula cha wafanyakazi wake.

Nawe mkulima unayesoma haya, au unayesomewa na mwanao, usisubiri wizara. Soya yako ikifikisha maua, ng'oa miche mitano katika pembe tofauti za shamba. Pasua vinundu. Ukikuta wekundu, mshukuru Mungu na uilinde ardhi yako. Ukikuta weupe au pakavu, nenda kwenye ofisi ya kata na miche hiyo mkononi, uiweke mezani, uulize kwa nini. Nenda na jirani. Nendeni na chama chenu cha ushirika kizima.

Wahenga walishatuambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Viongozi wetu wamesimama wima miaka ishirini wakihesabu mifuko. Mama wa Namtumbo aliinama, akang'oa, akauliza swali la kitaalamu kuliko yote niliyoyasikia kwenye kumbi za mikutano. Anastahili jibu kabla ya mvua za kwanza, na jibu hilo aletewe shambani, likiwa hai ndani ya paketi.